Homa ya mjukuu baada ya Krismasi

Kila Januari, kwenye zahanati ninayofanyia kazi huku chini ya Moshi, hushuka bibi kutoka Kibosho au Uru, juu mlimani Kilimanjaro, akiwa amembeba mjukuu anayewaka homa. Mtoto alitoka Tanga au Geita kuja kula Krismasi, akafika mzima, akacheza wiki nzima. "Nesi, ni baridi tu, kwetu malaria hakuna." Kweli, huko juu ni haba. Ila mbu alimuuma alikotoka, na vimelea hukaa mwilini siku 7 hadi 14, pengine zaidi, kabla homa haijapanda. Ndiyo maana kwanza nauliza: mwezi uliopita alilala wapi? Wa huku kwenye mpunga, Mabogini na Chekereni, hahitaji hata kusafiri.

Mlete apimwe siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Homa inaweza kuwa ya kifua au ya mkojo. Tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka latosha. Mstari wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, usipoonekana, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Kama alitibiwa malaria wiki chache nyuma, tuambie, kwani kipimo hicho huweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha kupona. Hapo tunatazama damu kwa hadubini.

Akikutwa na malaria, dawa mseto hutolewa kwa uzito, hivyo apimwe kilo. Wa kilo 13 humeza kidonge 1, mara 6 kwa siku 3. Wengi huteleza kwenye dozi ya pili: ni baada ya saa 8, si kesho. Ukianza saa 4 asubuhi, rudia saa 12 jioni. Kesho na keshokutwa ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tegesha kengele ya simu. Mpe pamoja na maziwa au uji uliotiwa siagi, maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi, kisha njoo uongezewe kidonge.

Kabla sijasomea uuguzi, nilimkatishia mwanangu dozi siku ya pili kwa kuwa alishaanza kukimbiza kuku. Wiki mbili baadaye homa ilirudi, kali kuliko ya mwanzo. Bado inaniuma.

Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilala asiamke, au viganja vikiwa vyeupe, vidonge havimfai tena. Anahitaji sindano ya artesuneti. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpeleke hospitali usiku huohuo.