Jinsi ya kuwasilisha taarifa ya maandamano kituoni nchini Kenya

Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana, mradi awe na amani na asibebe silaha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamtaka mwandalizi amjulishe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo husika siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano. Hakuna ruhusa inayoombwa hapo.

Taarifa ni fupi: jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni, na mahali pa mkutano au njia itakayofuatwa.

Kazi ni kuipokeza. Tulipoipeleka yetu, askari wa zamu aliisoma yote, akafuata njia kwa kidole hadi kwenye barabara inayopita mbele ya ofisi za kaunti, kisha akaturudishia juu ya kaunta na kusema kwamba mkubwa wake hayupo na yeye hapokei mambo ya maandamano. Muhuri ulikuwa pale pale, kando ya kitabu cha OB, daftari la matukio ya kituo. Tuliambiwa turudi kesho, na kesho yake tukaambiwa vivyo hivyo, huku zile siku ambazo sheria inatudai zikiyoyoma. Hili ni dhuluma, kwa sababu sheria hiyo hiyo inawaruhusu polisi kuzuia maandamano yasiyotolewa taarifa, na washiriki wanaweza kushtakiwa kwa mkusanyiko haramu. Anayenyimwa muhuri Jumatatu ndiye anayepigwa rungu Alhamisi kwa madai kwamba hakuwajulisha polisi.

Kwa hiyo nenda mapema, ukiwa na nakala 2 na shahidi, ikiwezekana wakili. Wakikataa kuipokea, iache barua mezani, andika kwenye nakala yako jina la askari, namba yake ya kazi na saa, kisha siku hiyo hiyo shahidi aape hati ya kiapo kwamba barua ilifikishwa. Nakala nyingine ipelekwe kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo.

OCS anaweza kuikataa taarifa kwa sababu moja tu, kwamba mkutano mwingine umekwisha kutolewa taarifa kwa mahali na wakati huo huo, naye hana budi kukujulisha kwa maandishi. Hatari ya wazi inaweza kuwa sababu ya kuyasimamisha maandamano yenyewe, lakini si ya kuikataa barua. Julai 2024, kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi Douglas Kanja alipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, akitoa sababu kwamba hayakuwa na viongozi, Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo.

Mtu akiumizwa, atibiwe kwanza na karatasi zote za hospitali zihifadhiwe. Kisha aripoti kituo chochote, adai namba ya OB na fomu ya P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ambayo hujazwa na daktari. Malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo huyapokea bila malipo kutoka kwa aliyeumizwa, jamaa au shahidi. Askari mwenye sare analazimika kuvaa jina au namba inayoonekana. Akiwa ameificha, andika namba ya gari alilokuja nalo, mahali na saa, na utaje pia kwamba aliificha.