Akwaria kwanza, bahari baadaye

Ukienda likizo kisiwani, Bahari ya Hindi au Pasifiki, usiiweke akwaria, yaani jumba la kuonyeshea samaki hai, iwe ya siku ya mvua. Nenda siku ya kwanza, kabla hujatia mguu baharini. Mtafute samaki-jiwe. Simama mbele ya kioo hata dakika tano, maana utaona jiwe tu lililoota mwani, mpaka jicho lake licheze. Mgongoni ana miiba 13 yenye sumu, na ndiye huyo huyo anayejilaza kwenye maji ya magotini. Ukishamwona, viatu vya kuogelea utavaa bila kuambiwa. Picha? Zima flashi, bandika simu kabisa kwenye kioo. Pweza mwendee saa ya kulishwa. Saa nyingine mara nyingi utakuta pango tupu.