Namna ya kusoma Matendo ya Mitume mpaka ulione kanisa likikua

Shida niliyoiona kwetu ni hii, watu wengi tunasoma Matendo ya Mitume kama miujiza imepangwa foleni, leo Petro ameponya kiwete, kesho Paulo ametoka jela usiku, na ukiuliza haya basi kanisa lilitokaje Yerusalemu likafika Rumi hakuna anayeweza kukueleza njia. Kikundi chetu hapa Mikindani, Mombasa, tunakutana Alhamisi jioni kwa dada mmoja, chumba cha kupanga, watoto tunawakalisha ukumbini. Mara ya kwanza tulisoma kwa simu sura moja kila siku, siku 28 kitabu kikaisha tukapiga makofi, alafu wiki mbili baadaye hakuna aliyekumbuka Antiokia iko wapi. Ndo tukaanza upya polepole, ikatuchukua kama miezi minne, na nataka kueleza tulivyofanya manake kwangu mimi ilibadilisha kabisa vile naisoma Biblia.

Vifaa si vingi. Biblia ya karatasi ambayo huogopi kuichora, daftari la kurasa 96, kalamu za rangi mbili tatu na karatasi ya manila ya ramani. Simu ni sawa kwa kutafuta mistari lakini usiitegemee peke yake, ukiwa kwa simu unaona mistari mitano tu kwa wakati mmoja na hiki kitabu kinataka uone mbali.

Mwanzo kabisa soma 1:8 mpaka uikariri. Yerusalemu, Uyahudi wote, Samaria, mpaka mwisho wa nchi. Hiyo ndo ramani ya kitabu kizima ambayo Luka, mwandishi wake, amekupa mlangoni, kwa hivo chora kwenye ile manila Yerusalemu upande mmoja na Rumi upande wa pili, na kila mji ukitajwa unauweka. Na ukiweka mji weka umbali kwa lugha ya kwenu. Yerusalemu mpaka Antiokia ni kilomita kama 480, yani karibu sawa na Mombasa mpaka Nairobi, na hawa walikuwa hawana treni ya SGR. Yafa mpaka Kaisaria alikokwenda Petro kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, ni kama kilomita 50, yani ukitoka Mombasa kasoro kidogo ufike Kilifi, ndo maana sura ya 10 inasema walifika kesho yake. Dada mmoja alipoelewa hilo alisema kumbe Petro alikuwa na siku nzima ya kufikiria njiani kama ataingia nyumba ya mtu wa mataifa au atarudi, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona.

Sasa hesabu. Hapa watu wanateleza sana. Sura ya 1 kuna watu kama 120, sura ya 2 wanaongezeka kama 3,000, alafu 4:4 inasema hesabu ya wanaume ikawa kama 5,000. Usijumlishe ukapata 8,000. Huo mstari wa 4:4 unasema hesabu IKAWA, ndo ilipofikia, na ni wanaume peke yao, wanawake na watoto hawamo. Na uangalie kitu kingine, baada ya hapo Luka hatoi tena jumla ya kanisa, anasema tu wengi, makundi, na Yakobo kule 21:20 anazungumza habari ya maelfu. Kwa hivo mtu akikuletea hesabu kamili ya waumini wa wakati huo muulize ameipata mstari gani.

Badala ya jumla Luka anakupa ripoti fupi fupi, na hizi ndizo nguzo za kujifunza kwako. Ziko sita, 6:7, 9:31, 12:24, 16:5, 19:20 na 28:31. Zipigie mstari kwa rangi moja, kila moja inasema kwa namna yake kwamba neno lilienea au kanisa likaongezeka. Alafu, na hii ndo hatua ambayo usiiruke hata kama umechoka, kutoka kila ripoti rudi nyuma usome kilichotangulia. Kabla ya 6:7 kuna manung'uniko, wajane wa waliosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula wa kila siku. Kabla ya 9:31 Stefano amepigwa mawe na Sauli, ndiye Paulo wa baadaye, anaingia nyumba kwa nyumba akiburuta watu. Kabla ya 12:24 Yakobo ndugu yake Yohana (si yule wa 21:20) ameuawa kwa upanga na Petro yuko jela. Kabla ya 16:5 kuna mabishano ya tohara, na Paulo na Barnaba wamegombana mpaka wakaachana. Ile ya mwisho inakuja baada ya kifungo cha miaka na merikebu kuvunjika. Sisi tulikuwa tunaomba kanisa likue na taabu ziishe, na hapa ukipanga kurasa unaona vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Ile ya wajane ichunguze vizuri. Waliochaguliwa ni saba na majina yote saba ni ya Kiyunani, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yani upande uliolalamika kwamba unaonewa ndo ukapewa usimamizi wa ule mgao. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima manake najua makanisa yetu tunavyofanya kabila moja likilalamika.

Hatua ya tatu ni daftari. Kila mara kanisa linapofika mahali papya jaza vitu vinne, mahali, aliyelibeba, kilichomtoa alikokuwa, na nyumba waliyokutania. Nitakuonyesha ukurasa mmoja, ule wa Antiokia, 11:19-26. Mahali: Antiokia ya Shamu, leo ni Antakya nchini Uturuki. Kilichowatoa: mateso baada ya Stefano. Aliyebeba: na hapa ndo nilisimama. Mstari wa 20 unasema ni watu wa Kipro na Kirene, bas, hakuna jina hata moja. Kirene iko Libya, Afrika hii yetu. Ukirudi 8:1 unakuta walitawanyika wote isipokuwa mitume, yani mitume ndo waliobaki Yerusalemu na hawa wengine, waumini wa kawaida, ndo wakaenda wakilihubiri neno. Alafu Antiokia hiyo hiyo ndo wanafunzi wakaitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, ndo ikamtuma Paulo na Barnaba sura ya 13, na pale viongozi wanapotajwa yumo Simeoni aitwaye Nigeri na Lukio Mkirene. Kanisa lililotuma wamishenari wa kwanza lilianzishwa na watu tusiowajua majina!

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Uliza mtu Mombasa injili ilifikaje atakwambia mmishenari Krapf, 1844, alafu Rebmann akamkuta 1846 wakafungua Rabai, na ni kweli. Lakini waliokuja kulijaza kanisa la Frere Town miaka ya 1870 ni watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengi wao majina yao hakuna anayeyataja. Ukipita Kengeleni ukaiona ile kengele ya Frere Town wakumbuke.

Safu ya nyumba nayo usiidharau. Mama yake Yohana Marko Yerusalemu, Lidia muuza rangi ya zambarau kule Filipi, Yasoni Thesalonike, Tito Yusto Korintho, Akila na Prisila. Ukisoma kitabu chote huoni mahali kanisa linajenga jengo. Sisi tuliokaa tumebanana kwa kitanda na viti vya plastiki tulifurahi sana.

Kwenye miaka sitakawia, inatosha kuwa na vigingi viwili vitatu. Herode Agripa wa sura ya 12 alikufa mwaka 44. Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Rumi, 18:2, wengi wanauweka mwaka 49. Na Galio wa 18:12 kuna maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, yanayomweka kazini kama liwali kwenye mwaka 51 au 52. Ukijua hivo unapanga mengine mbele na nyuma, na unaona kwamba kutoka msalabani mpaka Korintho ni kama miaka ishirini tu.

Alafu soma nyaraka sambamba. Ukiwa sura ya 16 weka Wafilipi kando, sura ya 17 weka 1 Wathesalonike, sura ya 18 weka 1 Wakorintho. Matendo 18:8 inasema Krispo mkuu wa sinagogi aliamini, na ukienda 1 Wakorintho 1:14 Paulo mwenyewe anasema kati yao alimbatiza Krispo na Gayo. Ni waandishi wawili, barua na historia, na mtu ni yule yule. Pia nyaraka zinakuonyesha kanisa likiwa limeshakua lakini linagombana, linashtakiana, linalewa mezani pa Bwana. Ukisoma Matendo peke yake utadhani kila kitu kilikwenda sawa.

Na angalia pale "wao" inapogeuka kuwa "sisi", mwanzo ni 16:10 kule Troa. Mwandishi ameingia safarini. Inakatika Filipi na inarudi 20:5, tena Filipi, inaonekana alibaki pale miaka hiyo.

Sura ya 27 usiisome bila mtu wa bahari. Sisi tuko Mombasa, hatuna sababu ya kumkosa. Tulimwalika mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye matishari bandarini na kabla ya hapo akasafiri na majahazi, tukamsomea taratibu. Tulipofika pale mabaharia wanatia bildi, ile risasi ya kupima kina, wakapata pima 20, mbele kidogo pima 15, akanyoosha mikono yake yote miwili, akasema hii ndo pima moja, alafu akauliza nanga wametupa wapi. Tukasoma, nne, za tezi, yani nyuma ya chombo. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, nanga hutupwa omo, mbele. Ukizitupa tezi unataka omo ibaki imeelekea pwani, kukipambazuka uzikate upande mchanga. Huyu aliyeandika alikuwa chomboni." Na ile saumu iliyokwisha kupita, 27:9, alituelewesha pia, ni alama ya msimu, kama vyombo vya hapa vilivyokuwa havitoki upepo wa kusi ukikaza. Kabla hajaja sisi sura hiyo tulikuwa tunaipita mbio tufike kwa nyoka wa Melita.

Na hicho chombo ni cha Iskanderia, kimebeba ngano, watu 276. Injili haikuwa na merikebu yake, ilipanda za biashara na ikafuata njia ambazo watu walikuwa wanazipita kila mwaka.

Ukifika 28:15 utaona ndugu wa Rumi wanatoka kumlaki Paulo mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Maanake kanisa lilikuwa limeshafika kabla yake! Nani alilipeleka? Luka hasemi. Kwenye daftari langu safu ya aliyelibeba, mbele ya Rumi, nimeandika 2:10, wale wageni waliotoka Rumi siku ya Pentekoste, na alama ya kuuliza. Kwa hivo hatukufunga daftari pale 28:31, tumekwenda Warumi 16 kwenye ile orodha ya salamu ambayo wengi wanairuka, tunachukua jina moja moja tunaliuliza maswali yale yale manne. Alhamisi hii tunaanza na Fibi wa Kenkrea. Ukitaka kuanza nasi itafute Kenkrea kwanza, iko Matendo 18:18.