Nasari Uingereza: kaunsili ndio wanaopanga, waambieni mnachohitaji

Wenzangu wa Unguja na Pemba mlioko Uingereza, na nyie mnaosubiri viza huko nyumbani, hili suala la nasari, yaani vituo vya kulea watoto wadogo, lijueni mapema maana linawatesa watu bure. Kwetu mama akienda kazini mtoto anabaki kwa bibi yake, akikua kidogo anapelekwa chuo cha Qur-ani na skuli ya maandalizi, mambo yanakwenda. Huku bibi yuko Wete, wewe uko Milton Keynes na shifti ya kea (kazi ya kutunza wazee na wagonjwa) inaanza saa moja asubuhi.

England anaepanga huduma hii ni kaunsili, yaani halmashauri, ya pale unapoishi. Serikali kuu inatoa pesa, Ofsted (idara ya ukaguzi wa skuli na nasari) inasajili na kukagua, lakini sheria ya mwaka 2006 imeibebesha kaunsili jukumu la kuhakikisha nafasi zinawatosha wazazi wanaofanya kazi au wanaosoma, na kila mwaka inatakiwa iwape madiwani ripoti wamefikia wapi. Nasari nyingi ni za watu binafsi, kaunsili inazilipa yale masaa ya bure ya serikali tu (nayaeleza hapo chini). Sasa ukikosa nafasi usizunguke mlango kwa mlango mpaka ukate tamaa, piga simu kaunsili uulize kitengo cha taarifa za familia, orodha yote wanayo na kukusaidia ni wajibu wao.

Mtoto akitimiza miaka 3, muhula unaofuata anapata masaa 15 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, na hapa hawaangalii viza, hata kama yako imeandikwa huruhusiwi misaada ya serikali. Wengi wetu hawalijui hili na watoto wanakaa ndani! Masaa 30 ndio yenye masharti, tangu Septemba 2025 yanaanzia mtoto wa miezi 9 lakini wazazi wote wawili muwe kazini (au wewe peke yako kama unalea mwenyewe) na angalau mmoja wenu viza yake iruhusu misaada ya serikali. Unaomba mtandaoni, unapewa namba unaipeleka nasari, na kila miezi 3 unathibitisha tena. Wa kuanza Septemba namba awe nayo isizidi tarehe 31 Agosti. Scotland hesabu nyingine, watoto wote wa miaka 3 na 4 wana masaa 1,140 kwa mwaka.

Mnaosafiri njooni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya chanjo, msiviache kabatini.

Halafu hili la kumuachia mtoto jirani kwa malipo, jamani, tuache. Mtu asiyekuwa ndugu wa karibu akilea mtoto mdogo nyumbani kwake kwa pesa zaidi ya masaa 2 kwa siku lazima awe amesajiliwa. Dada zetu wenye mkono wa kulea wajisajili, kazi hiyo ipo na wanahitajika.

La mwisho na ndio kubwa kwangu: kaunsili hupanga kwa kuuliza wazazi, na sisi fomu zao hatujazi. Kama unahitaji nasari inayofungua kabla ya saa moja, au mtu wa kumchukua mtoto jioni ukiwa bado uko shifti, hawawezi kulijua hilo kama hujaandika. Fomu ikija jaza siku ile ile, Kiingereza kikikusumbua mtafute mtu pale msikitini akae na wewe muimalize.