Jinsi ya kutunga kisa cha upelelezi chenye bibi wa Ujiji

Anza na mwizi. Kabla ya sentensi ya kwanza, ujue nani kafanya, kwa nini, kwa njia gani, na ni uongo upi utakaomfichua. Anayeanza na bibi mchangamfu akitumaini mwizi atajitokeza mbele ya safari hukwama katikati, kisha hujiokoa kwa kumleta mgeni asiyetajwa popote. Wasomaji hawasamehe hilo.

Visa vya namna hii havitaki damu. Kwa kisa cha maneno 4,000, wizi unatosha. Chukua sanduku la kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha: kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Siku ya kikao linafunguliwa mbele ya wanachama 25, kufuli zote ni nzima, na shilingi 1,850,000 hazipo. Tayari una washukiwa wanne. Ongeza mmoja asiye na ufunguo: mchuuzi wa dagaa mwenye madeni, aliyepanga chumba kwa mtunza sanduku. Wakizidi saba, msomaji atabaki kuuliza huyu ni nani tena.

Sanduku lilifunguliwa kwa nyuma, kwenye bawaba. Dokezo ni skrubu moja inayong'aa kati ya zenye kutu. Bibi anaiona anapofuta vumbi kwa upindo wa kanga, na hapohapo unazuka ugomvi wa nani kachelewesha marejesho. Dokezo la kweli lifunikwe na kelele hivyo. Ukiliacha mwisho wa aya, kila mtu ataliokota.

Kazi kubwa iko kwenye uongo. Mchuuzi, ambaye ndiye mwizi, anadai usiku ule alikuwa mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaposhusha samaki, alfajiri akanunua dagaa wabichi. Kumbe ulikuwa usiku wa mwezi kumi na nne, yaani mwezi mpevu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, na wavuvi hupumzika kama wiki nzima. Askari kijana aliyehamishwa kutoka Dodoma anaandika maelezo yale na kuyaamini. Bibi aliyeanika dagaa maisha yake yote hadanganyiki. Ila msomaji naye apewe haki yake: mapema kabisa, watoto wacheze uani usiku bila taa, na bibi awe amefunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Ukiyasahau hayo, ushindi wake utaonekana wa kubambikiza. Kagua na kalenda: kati ya 15 Mei na 15 Agosti 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa, kwa hiyo kisa cha miezi hiyo hakina mashua usiku wowote na fumbo lote linaporomoka.

Silaha ya bibi ni salamu. Hakuna kijana atakayempita mzee njiani bila kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Dagaa wa juzi walitoka?"

"Wote, bibi. Walikuwa wabichi kabisa."

"Alhamdulillahi. Ndoo ulichukua shilingi ngapi?"

Hapo mchuuzi atalazimika kubuni bei, na wenzake wa mwaloni wataikana.

Mpe bibi kasoro: mbishi, mpenda umbea, magoti mabovu, hivyo mjukuu ndiye anayetumwa huku na huko. Usimgeuze kichekesho. Na usilete ramli! Ikimtaja mwizi, kisa kimekufa. Tena huku magharibi, ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, si jambo la utani. Bibi hakamati mtu pia. Anaeleza mbele ya wanakikoba na mwenyekiti wa mtaa, skrubu mkononi, na polisi wanamalizia.

Ukimaliza rasimu, wasomee watu watatu robo tatu ya kisa, usimame, uwaulize mwizi ni nani. Wote wakimtaja mchuuzi, punguza kung'aa kwa ile skrubu. Asipotajwa na hata mmoja, irudishe mbalamwezi mara ya pili, karibu zaidi na maelezo yake.