Namna ya kuitambua jeni inayohama ndani ya jenomu ya faji

Faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, yangu ya kwanza niliitoa kwenye maji ya mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam. Mfuatano wa jenomu (DNA yake yote) ulipofika, programu ilinionyesha jeni ya polimerasi ya DNA ikiwa vipande viwili, na katikati yake jeni ndogo iliyopewa jina la HNH, aina moja ya vimeng'enya vinavyokata DNA. Nikaamini kwamba usomaji umekosewa. Nilimaliza wiki sita na vitendanishi vya thamani nikirudia eneo lile kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), na kila mara jibu likawa lilelile. Jeni ilikuwa imegawanyika kweli. Mwongozo huu ndio ningependa kupewa siku ile.

Tunachotafuta ni jeni za endonukleasi (vimeng'enya vinavyokata DNA) zinazojihamisha. Mimi naziita endonukleasi za makao, kwa sababu kila moja ina mahali pake maalumu pa kuingia. Tuseme faji mbili za ukoo mmoja zimeingia kwenye bakteria mmoja, moja ina jeni hiyo na nyingine haina. Kimeng'enya kinachozalishwa hutafuta kwenye DNA ya ile isiyo nayo mfuatano mrefu kinaoutambua, kisha kinakata. Ili kuziba jeraha, DNA iliyokatwa hunakili kutoka kwa ile nzima, ambayo tayari inayo jeni ya mkataji. Jeraha likipona, jeni imeshahamia. DNA ya mwenye jeni haiguswi, kwa kuwa ule mfuatano kwake umebadilika au umetenganishwa katikati.

Kabla ya kugusa faji yako, jizoeze kwa T4, faji maarufu ya bakteria E. coli. Pakua jenomu yake kutoka GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA, kwa namba NC_000866. Ina jozi za besi 168,903. Ndani yake zinajulikana jeni 15 za aina hii: tatu ziko ndani ya introni, yaani kipande kinachoikata jeni katikati na kuondolewa kwenye RNA (I-TevI, I-TevII na I-TevIII), na nyingine zimesimama peke yake, SegA hadi SegG na MobA hadi MobE. Ukiweza kuzipata zote bila kuingiza zisizohusika, uko tayari kwa faji ambayo hakuna aliyeichunguza kabla yako.

Na hapo kwenye zisizohusika ndipo wengi wanapoteleza. Utakapopitisha protini zako kwenye programu ya HMMER kwa kulinganisha na Pfam, hazina ya domeni (sehemu za protini zenye umbo na kazi yake), utatafuta PF01541 (GIY-YIG), PF01844 (HNH) na PF00961 (LAGLIDADG). Kupata domeni hizo si ushahidi. T4 hiyohiyo ina DenA, kimeng'enya cha GIY-YIG ambacho kazi yake ni kuikatakata DNA ya bakteria. Hakihami kwenda popote. Protini ya bakteria ya kurekebisha DNA iliyoharibika, UvrC, nayo ina GIY-YIG. HNH ndiyo yenye kudanganya zaidi: imo kwenye sumu za bakteria kama kolisini E9, na kwenye faji nyingi imo katika protini inayokaa jirani na terminasi (mota inayosukuma DNA) na kusaidia kufunga DNA ndani ya kichwa. Nimesoma tasnifu zaidi ya moja zilizohesabu kila HNH kuwa jeni inayohama, na iliniuma, maana kazi nyingine yote ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza protini hii inaitwaje, uliza inakaa wapi na majirani zake wako katika hali gani.

Anza na jeni zilizokatika. Chukua kila protini inayoonekana fupi kuliko kawaida, hasa za kutengeneza DNA na nukleotidi: polimerasi, terminasi kubwa, thimidilati sinthasi, ribonukleotidi redaktasi. Zipitishe kwenye BLASTp, programu ya kulinganisha protini na nyingine zinazojulikana. Ukiona vipande viwili vya jirani vinalingana na protini moja, kimoja na mwanzo wake na kingine na mwisho wake, simama hapo. Mfano wa kujifunzia ni td, jeni ya thimidilati sinthasi ya T4: protini nzima ina asidi amino 286, kipande cha kwanza 183 na cha pili 103, na kati yao kuna introni ya besi elfu moja na kidogo iliyobeba I-TevI. Introni hiyo ilitangazwa mwaka 1984, wakati wengi waliamini kwamba introni ni za viumbe wenye kiini cha seli tu.

Sasa pima kama ni introni kweli. Tumia programu ya Infernal pamoja na modeli RF00028 ya Rfam (hazina ya familia za RNA), ambayo hutafuta umbo la RNA ya introni za kundi la kwanza. Kisha angalia mipaka kwa macho yako: kwa kawaida eksoni ya kwanza (kipande cha jeni kinachotangulia introni) huishia na T, na introni yenyewe huishia na G. Programu huikosea mipaka kwa besi kadhaa mara nyingi, kwa hiyo usiiachie. Fremu ya usomaji ikipita moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, huenda una inteini, yaani kipande kinachojitoa kwenye protini badala ya RNA. Na kama jeni za pembeni ni nzima kabisa, mkataji wako amesimama peke yake, kama Seg.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiamini kuliko zote: tafuta ndugu asiye nayo. Linganisha eneo lako na faji za karibu mpaka uipate moja ambayo pahali palepale pako wazi. Mwaka 1987 ndivyo ilivyoonekana kuhusu introni ya nrdB, jeni ya ribonukleotidi redaktasi: T4 inayo, ndugu zake T2 na T6 hazina, na jeni ya pembeni inafanana. Bila mahali wazi pa kulinganisha, una dhana tu.

Ila hata hapo usikimbilie kuandika kwamba inahama. Jeni iliyo ndani ya introni hiyo ya nrdB, I-TevIII, imepungukiwa na sehemu yake kwenye T4, haifanyi kazi. Nzima ilipatikana kwenye RB3, faji nyingine ya ukoo huo. Soma urefu wa protini yako na uhakikishe asidi amino muhimu za domeni zipo.

Ukiwa na maabara, thibitisha kwa kuwaambukiza bakteria faji mbili pamoja, moja yenye introni (tuseme T4) na ndugu asiye nayo (tuseme T2). Zichanganye kwenye kijaribio kimoja kwanza, ndipo umwage bakteria. Ukitanguliza moja, faji za ukoo wa T4 humfungia mlango anayechelewa na utapoteza siku. Weka wastani wa faji 5 za kila aina kwa bakteria mmoja. Kwa kiasi hicho, chini ya 1% ya seli zitakosa aina fulani. Subiri zipasuke, punguza sana, panda kwenye aga, kisha chukua plaki (madoa wazi ambapo faji zimeua bakteria) moja moja kwa PCR.

Chagua praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) mbili-mbili za maeneo matatu, ndiyo alama zako: penyewe panapoingia introni, pembeni yake karibu, na pengine mbali kabisa kwenye jenomu. La mbali linakuambia asili ya plaki. Endelea pia kupima mchanganyiko wa faji zilizokuzwa kila moja kivyake, ili uone uwiano usio na uhamaji. Kama unataka kujaribu ukataji wenyewe kwenye kijaribio, tumia bidhaa ya PCR, si DNA ya T4 yenyewe, kwa sababu sitosini zake zimevikwa sukari na vimeng'enya vingi haviigusi.

Kwenye jeli, utepe wa ndugu asiye na introni utakuwa mfupi. Zikipatikana plaki ambazo alama ya mbali ni ya T2 lakini utepe wa pale ni mrefu, jeni imehamia. Angalia pia alama ya karibu: ikiwa imebadilika pamoja na introni mara nyingi kuliko ile ya mbali, umeona DNA ya jirani ikiburutwa wakati wa kuziba jeraha.