Kuhamisha mfumo wa faili kutoka Linux kwenda FreeBSD: anza na kufuli

Wengi wanaohamisha mfumo wa faili huanza kwa kuhangaikia diski: superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili) iko wapi, inodi (rekodi ya kila faili) ina baiti ngapi. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi, kwa sababu data iliyo kwenye diski haijui inasomwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ipi. Angalia tu mpangilio wa baiti: mfumo wa faili wa XFS huandika metadata yake kwa kutanguliza baiti kubwa (big-endian) kwenye kila mashine, ilhali FFS, mfumo wa faili wa BSD, hufuata mashine iliyoitengeneza. Andika programu ndogo ya kusoma picha ya diski nje ya kerneli, ikikubali songa mbele.

Kinachotesa ni makubaliano: nani ameshika kufuli (kinga ya kuzuia wawili kugusa kitu kimoja kwa pamoja), nani ataachia kumbukumbu, jibu linarudi kwa sura gani. Kabla sijagusa msimbo, naandika karatasi yenye safu mbili, Linux huku na FreeBSD kule, operesheni moja baada ya nyingine.

Chukua kutafuta jina ndani ya saraka. Linux inakupa dentri, yaani kumbukumbu ya jina ndani ya saraka. Jina lisipopatikana, unaisajili bila inodi (NULL) na kurudisha NULL, si kosa. FreeBSD inakupa vnode (kiwakilishi cha faili au saraka ndani ya kerneli) ya saraka ikiwa imefungwa kwa kufuli, nayo inataka vnode ya faili irudi imefungwa vilevile. Jina lisipopatikana unarudisha kosa la ENOENT (hakuna faili hiyo), lakini kama mtumiaji alikuwa anaunda faili mpya na hilo ndilo jina la mwisho kwenye njia, unarudisha EJUSTRETURN, yaani jina halipo ila linaweza kuundwa. Halafu kuna "..", jina la saraka mzazi. Kwenye Linux jina hilo halikufikii kabisa, VFS (tabaka la kerneli lililo juu ya mifumo yote ya faili) inalimaliza yenyewe. Kwenye FreeBSD linakufikia, na ukichukua kufuli ya saraka mzazi huku bado umeishika ya mtoto, nyuzi (threads) mbili zinaweza kusubiriana milele. Tumia kitendaji cha FreeBSD vn_vget_ino, kimeandikwa kwa ajili hiyo hasa. Na ondoa alama ya kutoa kwenye kila kosa: -EIO (kosa la kusoma au kuandika) ya Linux ni EIO kwenye FreeBSD.

Je, utumie tabaka la kuigiza kerneli ya zamani, yaani ile unayoihama? Kwa kumbukumbu, nyuzi na kufuli za ndani, ndiyo. Mfumo wa faili wa ZFS, uliotoka Solaris, ulifika Linux ukiwa na tabaka la namna hiyo, SPL. Kwa VFS nakataa kabisa. XFS ilipotoka IRIX, Unix ya kampuni ya SGI, ilibeba tabaka lake la vnode hadi Linux, na wasanidi wakalazimika kuling'oa kidogo kidogo baadaye.

Kache (nakala za data zinazowekwa kwenye kumbukumbu) ipange mapema. ZFS ina kache yake, ARC, hivyo faili iliyofunguliwa kwa mmap (kuunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu ya programu) hukaa mara mbili kwenye kumbukumbu, na kila uandishi lazima ulinganishe nakala zote mbili.

Pachika (mount) mfumo wa faili kwanza kwa kusoma tu, kwenye kerneli ya FreeBSD yenye chaguo za ukaguzi INVARIANTS, WITNESS na, pale toleo lako linapokuwa nalo, DEBUG_VFS_LOCKS. Ukiruhusu kuandika, iache fsx, programu ya kujaribu mifumo ya faili, ikimbie usiku kucha. Kisha funga programu zote zinazotumia mfumo huo wa faili na uushushe (unmount) bila kulazimisha: ukijibiwa EBUSY (bado unatumika), kuna vnode uliyoisahau bila kuiachia, na karatasi yako itakuonyesha pa kuitafuta.